Kikapu cha Wodini

Kaeni vizuri, ndugu zangu, maana habari hii inaanza na kufungasha, na hapo kina mama wameshaanza kunitazama vibaya.

Kulikuwa na mama mmoja na binti yake wa pekee. Binti akaugua, akalazwa miezi mingi, na mama akawa mtu wa wodini. Mnajua mtu wa wodini anavyobeba: chupa ya uji, beseni, khanga za akiba, blanketi, limao la kunusa kichefuchefu kikija. Siku moja, mtoto akiwa hoi, mama alimshika mkono akamwambia, "Ukipona, mwanangu, nitakupeleka kwenye mabembea. Tutapanda wote ile kubwa inayozunguka mpaka juu."

Na Mungu akamponya! Daktari alisema kwa kinywa chake, "Mama, huyu ni mzima. Mwache acheze." Mama akalia kwa furaha pale pale koridoni, manesi nao wakalia.

Siku ya safari ikafika. Binti akatoka na chupa ndogo ya maji, basi. Mama akatoka na kikapu kimemwinamisha bega.

"Mama, kwani tunahamia huko?"

"Nyamaza wewe. Unajua litakalotokea?"

Walipofika, mama akatafuta benchi lenye kivuli, akaketi, kikapu miguuni. Bembea kubwa ikasimama, watu wakashuka wanacheka, wengine wakapanda. Binti akamvuta mkono.

"Twende, mama."

"Nenda tu, mwanangu. Nani ataangalia vitu?"

"Si uliniahidi tutapanda wote?"

"Nitakuona kutoka hapa."

Binti hakwenda. Akaketi naye, mikono mapajani. Mnawaona? Kiingilio kimelipwa, mtoto ni mzima, hali ya hewa nzuri, na wao wamekaa kama wanamsubiri daktari apite.

Jioni mwendesha bembea akatangaza mzunguko wa mwisho. Binti, kwa kukosa la kufanya, alikuwa amefunua kikapu. Akatoa beseni, akaligeuza geuza, kisha akauliza taratibu, "Mama, nani anaumwa?"

Mama akalitazama lile beseni, akamtazama mtoto aliyenenepa mashavu, machozi yakamtoka. Wodini waliondoka zamani, na yeye bado alikuwa anaibeba wodi begani.

Akainuka mikono mitupu, akamshika mwanawe, wakakimbia kama wote wawili ni watoto. Na kule juu, aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa mama.

Kikapu? Walikikuta pale pale. Nani aibe beseni?

Sasa ndugu zangu, mnacheka, lakini sisi je? Wangapi tulisimama hapa hapa kutoa shukrani, tukaimba mpaka sauti zikakauka, kisha tukarudi nyumbani na bega limeinama? Mungu amekutoa kwenye ugonjwa, amekutoa kwenye ugomvi, amekutoa kwenye msiba uliodhani utakumaliza. Asante umeshasema. Mbona bado umekaa benchini unalinda beseni?

Ukitoka mlangoni leo, jiulize swali la yule binti: nani anaumwa? Kama yupo, mbebee uji, Mungu akubariki. Kama hayupo, weka chini hicho kikapu, mshike mkono yule uliyemwahidi, mkapande. Bembea bado inazunguka, na aliyewalipia kiingilio anataka kusikia kelele zenu.