Zimwi la Kisimani na Hesabu ya Mbodze

Hadithi, nije nayo?
Njoo nayo!
Nije nayo mbichi?
Njoo nayo imeiva!

Basi sikilizeni, na wewe kule nyuma acha kutafuna muwa. Hapo kale palikuwa na kijiji chenye kisima kimoja. Zimwi likaja, likakikalia. Lilikuwa na pembe mbili, macho matatu, na kiburi cha kuzidisha hesabu. Likatoa sharti:

“Nileteeni hesabu ndefu. Nitaizidisha mara tatu, kila mara kwa namba niitakayo. Tarakimu zikibaki zilezile, zikifuatana vilevile, nitahama. Zikibadilika, namla aliyeileta.”

Wawili walijaribu. Mnajua walikoishia.

Mama mmoja, Mbodze, alibakiwa na mtungi mmoja wa maji na watoto saba. Akaugawa mtungi sehemu kumi: kila mtoto moja, zikabaki tatu. Kila salio akalikata kumi, akagawa tena. Kila mtoto akapata moja, kisha nne, mbili, nane, tano, saba. Kisha moja tena, nne tena!

“Mbona zinazunguka?” akajiuliza. Akasahau hata kiu. Akaziunganisha kuwa hesabu moja, akaizidisha kwa mbili, tatu, nne, tano, sita. Zinazunguka tu. Akajaribu saba. Loo, zote zikageuka tisa! Zimwi likichagua saba, ameliwa.

Na desturi yao, mama haendi kisimani bila watoto wake wote. Sita wakatembea. Nyevu, kitinda mimba, akalala mgongoni, kafunikwa leso.

“Hesabu yako?”

“142857, babu.”

Zimwi likaandika mchangani. “Nina pembe mbili.” Likazidisha: 285714. Likajikuna. “Ni zilezile! Kabadilika aliyetangulia tu.”

“Kama wacheza ngoma ya duara, babu.”

“Nina macho matatu.” Likazidisha ile ya kwanza kwa tatu: 428571. Likainama, likanusa mchanga. “Sasa nazidisha kwa watoto wako.”

Watoto saba! Lakini mazimwi, wenzangu, huhesabu watu kwa nyayo. Likatazama chini. “Sita.” Likazidisha: 857142.

Zimwi likainuka kisimani polepole, na watoto wakakimbilia maji.

Lilipofika njiani likageuka. Udadisi ulikuwa unaliwasha. “Mwanangu, hivi hakuna namba inayolivunja hili duara?”

“Ipo, babu.”

“Ipi?”

Nyevu akaamka, akalia. Mbodze akamshusha, akamsimamisha mchangani, nyayo mbili ndogo.

“Mhesabu na huyu.”

Zimwi likazidisha kwa saba: 999999. Likazitazama zile tarakimu, zote tisa, likamtazama Nyevu, ambaye tayari alikuwa ameinama anakunywa. Lakini mara tatu zilikuwa zimekwisha, na ahadi ni ahadi; likaenda zake.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Aliyeipenda aibebe, aliyeichoka ampe jirani.