Fungu la Kwanza la Nyasi

Hapo zamani, Ulemba na Mpindo zilipokuwa nchi mbili, na mtu akitoka moja kwenda nyingine ilimbidi alale njiani, watu walihama kama wanavyohama leo. Mmoja alihama kwa sababu ya ndoa. Mmoja alihama kwa sababu ya jirani. Mwingine, ukimuuliza kwa nini amehama, alikuuliza kwa nini wewe umebaki.

Watu wa hadithi hii walihama kwa sababu ya maji. Alikuwapo Lugembe, ambaye kazi yake ilikuwa kuswaga ng'ombe wa watu kwenda minadani. Alikuwapo mkewe, Nkwimba, na mtoto wao Sayi, ambaye bado alikuwa wa kubebwa mgongoni. Na alikuwapo Kwandu, mama yake Lugembe, ambaye hakutaka kuhama.

Kisima chao cha Ulemba kilianza kutoa maji ya chumvi. Nkwimba ndiye aliyeyachota, kwa hiyo ndiye aliyejua kwanza.

"Baba Sayi, tuhame."

"Tungoje mvua," akasema Lugembe.

Mvua ikaja, maji yakabaki ya chumvi.

"Baba Sayi, tuhame."

"Tungoje mavuno."

Mavuno yakaja. Yalikuwa machache, yakaliwa upesi.

"Baba Sayi, mimi na mtoto tunahama. Wewe endelea kungoja."

Hapo Lugembe akasikia.

Akatangulia Mpindo peke yake. Alifyeka vichaka, akachimba udongo, akasimamisha kuta za nyumba. Alikula mihogo mibichi na kulala chini ya ngozi ya ng'ombe. Kuta ziliposimama akarudi Ulemba kuwachukua wenzake. Akakuta mizigo imefungwa, na mama yake ameketi mlangoni juu ya kigoda.

"Mama, twende."

"Nendeni. Nani kawazuia?"

"Umekaa mlangoni, mama."

"Basi toboeni ukuta mpite. Si umekuwa fundi wa nyumba siku hizi?"

Nyuma ya nyumba ile lilikuwako kaburi la mume wake. Lugembe hakuweza kumbeba mama yake kwa nguvu, wala hakuweza kumwacha. Akaanza kufungua mizigo. Nkwimba alimtazama. Akamfunga mtoto mgongoni, akamfungua, akamfunga tena.

Asubuhi Kwandu alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa huko kidogo. Aliporudi alijitwika kigoda chake, akashika njia ya Mpindo. Hakumuaga mtu. Ikabidi wenzake wafunge mizigo mbio mbio na kumfuata. Walimkuta mbele, ameketi juu ya kigoda, anawangoja.

"Mnakawia hivyo," akasema, "mtu atadhani mimi ndiye niliyetaka safari hii."

Wakafika Mpindo. Kuta zilikuwapo, paa halikuwapo. Na huko Mpindo nyumba ya watu waliohamia haikuezekwa mpaka boma lipate jina. Jina lilikuwa la mtu mmoja, yule aliyeileta familia. Mgawaji wa ardhi alikuwa mwanamke, Bi Nyamizi. Kwa kila familia mpya yeye alikuja na fungu moja la nyasi, akauliza swali moja, na aliyelipokea fungu aliliweka juu ya fito kwa mkono wake. Tangu hapo boma liliitwa kwa jina lake. Wapita njia wangeelekezwa kwa jina hilo, na wajukuu wangelitaja wakiulizwa kwao ni wapi.

Bi Nyamizi alifika na fungu lake wakati mawingu yamekwisha kujaa upande wa vilima. Kuta za Lugembe zilikuwa bado mbichi. Mvua ingezikuta bila paa, zingerudi kuwa matope, na Ulemba hakukuwa tena na maji ya kurudia.

"Nani kawaleta?" akauliza.

Mikono mitatu ikanyooka.

"Nimewaleta mimi," akasema Nkwimba. "Nilisema tuhame, nikaambiwa tungoje. Nilisema tena, nikaambiwa tungoje. Ningenyamaza, tungekuwa kule tunakunywa chumvi."

"Nimewaleta mimi," akasema Lugembe. "Neno halina kuta, mama Sayi. Nani alifyeka hapa? Nani alikula mihogo mibichi?"

"Hakuna aliyekukataza kuipika."

"Nimewaleta mimi," akasema Kwandu, na wote wakamgeukia.

"Wewe, mama?" akasema Lugembe. "Wewe uliyekaa mlangoni?"

"Mimi niliyeinuka mlangoni. Mke wako alikuwa na neno lake, wewe ulikuwa na kuta zako, na bado mizigo ulikuwa unaifungua. Niambie, siku ile nisingeshika njia, leo mngekuwa wapi?"

Nkwimba alicheka, kisha akaacha.

Bi Nyamizi alilihamisha fungu kutoka mkono huu kwenda mkono ule. "Kuna la pili," akasema. "Mwenye jina hatalala tena nje ya Mpindo maisha yake yote. Akilala nje, hata kama ni kwa msiba, boma linafungwa na ardhi inarudi. Akifa, anazikwa hapa hapa, na walio hai wako huru kukaa au kuondoka."

"Hukuniambia hilo nilipokuja kuomba ardhi," akasema Lugembe.

"Hukuuliza. Ulikuwa na haraka na kuta."

Mikono mitatu ikashuka.

Lugembe alifikiria ng'ombe. Anayeswaga ng'ombe hulala mnada ulipo, na yeye hakujua kazi nyingine. Nkwimba alimfikiria mama yake mzazi, aliyebaki Ulemba na macho yaliyoanza kuona ukungu. Kwandu hakuhitaji kufikiria. Kila mtu pale alijua alitaka kuzikwa wapi, na kando ya nani.

"Basi mpe mama Sayi," akasema Lugembe. "Neno lilikuwa lake."

"Mpe baba Sayi," akasema Nkwimba. "Kuta ni zake. Mihogo pia."

"Kumbe sasa mnajua kugawana," akasema Kwandu.

Tone la kwanza likaangukia ukutani, likaacha alama. La pili likaangukia utosini mwa Sayi, naye akaanza kulia. Nkwimba akamtazama mama mkwe wake, aliyekuwa amekigeuza kigoda chake kuelekea upande wa Ulemba. Lugembe naye alikuwa akimtazama.

Mikono mitatu ikanyooka tena, safari hii kwa pamoja.

"Nipe mimi," akasema Lugembe. "Nitalima. Nitajifunza. Mama siku yake ikifika, nataka arudishwe kwa baba, na mke wangu apate kwenda kumtazama mama yake."

"Nipe mimi," akasema Nkwimba. "Mama yangu ana dada zangu. Huyu akilima tutakufa njaa, na mama mkwe nilimtoa mimi kwenye kaburi la mumewe kwa neno langu. Simzuii kurudi."

"Nipe mimi," akasema Kwandu. "Mimi sitawafunga kwa muda mrefu. Nyinyi bado mna miguu, na maji ya hapa nayo hamyajui. Yakigeuka chumvi, muwe huru kuhama."

"Na mzee?" akauliza Lugembe kwa sauti ndogo.

"Nilimuaga asubuhi ile. Ulidhani nilikwenda nyuma ya nyumba kufanya nini?"

Matone yakaongezeka. Sehemu ya juu ya ukuta wa mashariki ikaanza kulainika.

"Sikuuliza nani anampenda nani," akasema Bi Nyamizi. "Hilo naliona. Niliuliza nani kawaleta. Nikitoa jina la uongo, ardhi italikataa." Akawatazama mmoja mmoja. "Mikono ni mitatu. Fungu ni hili hili moja."

Akalinyoosha mbele.

Nanyi mnaosikiliza, wengi wenu mlizaliwa kwingine na mnalala hapa, na kila mmoja ana mtu aliyemleta. Yuko aliyesema, yuko aliyetangulia, na yuko aliyeacha zaidi ya wenzake. Mvua inanyesha, ukuta unalainika, na mtoto analia. Je, fungu lile apewe nani?