Kengele ya Zimamoto ya Kichangani

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, zamani yenyewe ni ya juzi tu, mtaa wa Kichangani ulikuwa na kituo chake cha zimamoto. Kilikuwa na gari moja jekundu na kengele moja ya shaba. Kengele ile haikugongwa kwa harusi wala kwa goli. Iligongwa kwa moto tu, na ikilia, kila nyumba ilitoka na ndoo.

Kisha ikaja amri kwamba barabara inapanuliwa, kituo kibomolewe. Gari likahamishiwa ng'ambo ya reli. Asubuhi moja akaja dereva mmoja, Kastori, na katapila, akaangusha ukuta wa kwanza, akaangusha wa pili. Mzee Mwinjuma, aliyezima moto pale miaka thelathini, alikuja kukiaga kituo. Alisimama kando akilia waziwazi.

Ndipo akaona moshi. Nyumba ya seremala, ya kwanza kati ya kumi na mbili zilizoshikana ukuta kwa ukuta, ilikuwa inawaka. Mwinjuma akaparamia ukuta uliobaki, akagonga kengele. Ukuta ukamwangusha, mguu ukavunjika. Lakini watu wote walikwisha kutoka nje, hakufa hata kuku.

Ndoo hazikufua dafu. Moto ukala nyumba ya kwanza, ukala ya pili, ukashika ya tatu. Kastori akageuza katapila. Msimamizi wake akamwamuru abaki palepale, hakumsikiliza. Alitaka kuivunja nyumba ya nne ili moto ukose njia, ila nyumba ile ilikuwa na mwenyewe, Bi Siwema, mjane mwenye cherehani moja. Siwema aliitazama nyumba yake mara moja tu.

"Pita hapa kwangu," akasema.

Kastori akapita. Moto ukafika penye uwazi, ukafa.

Kituo kilimaliziwa na dereva mwingine, maana kibarua cha Kastori kiliota nyasi siku ileile. Ikabaki kengele tu. Mtaa ukaamua apewe mtu mmoja aitundike mlangoni kwake, na moto ukizuka aigonge yeye. Wote watatu wakaitaka, tena bila kuoneana haya.

Mwinjuma akasema, "Bila mimi mngeungulia ndani. Kengele hii inaujua mkono wangu."

Kastori akasema, "Bila mimi mngekuwa hai na hamna paa. Nimepoteza kazi kwa mtaa usio wangu."

Mwinjuma akamkumbusha aliyekibomoa kituo ni nani. Kastori hakukana.

Siwema akasema, "Mguu umepona, na kazi itapatikana. Nyumba yangu haikuwa imeshika hata cheche, nami niliitoa."

Wakamuuliza ataitundika mlango gani, naye hana nyumba.

"Nipeni kengele," akajibu. "Mlango nitaujenga."

Sasa kengele iko chini ya kitanda changu, maana mtaa umeniachia mimi niamue. Nyumba yangu ni ya tano, iliyopakana na ya Siwema, kwa hiyo nawapenda wote watatu, na kusema kweli nawaogopa wote watatu. Ijumaa wanakuja. Haya, ninyi mnaotikisa vichwa, semeni: nani alistahili? Nimkabidhi nani?