Kanga Alivyomvua Maji Rangi Yake

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa ya waliolala na njaa. Hebu tena: paukwa!

Pakawa!

Ehe, sasa mmeamka. Na wewe unayemfinya mwenzio, acha, nianze.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, Maji alikuwa na rangi yake mwenyewe. Buluu. Ukimchota kwa kata, buluu. Ukinawa, buluu inateleza vidoleni. Anga alikuwa mweupe tu, kama chokaa, na wanyama wote walikuwa rangi ya majivu. Nchi nzima mwenye rangi ni Maji peke yake. Alikaa bondeni, mpole, hana maringo.

Juu ya bonde hilo aliishi ndege Kanga na vifaranga wake. Kanga alikuwa msusi wa mikeka, na alipenda sana kusifiwa. Siku Swala alipomwoza binti yake, Kanga alipeleka mkeka aliousuka masika yote. Akautandika mwenyewe, akakaa pembeni kungoja sifa.

Wageni wakaukalia ule mkeka. Macho yao yote yakaenda kwenye mtungi. "Tazameni Maji alivyopendeza," wakaambiana. Hakuna aliyeuliza mkeka kausuka nani. Kanga akarudi kwake na kijiba cha roho, hata ubwabwa wa arusi haukumshuka.

"Kwani yeye ana nini?" akajisemea. "Kazi hafanyi, amelala tu bondeni, na wanamsifu."

Akaanza kwa maneno. Akamwendea Swala: "Mwenzangu, mimi simsemi mtu, lakini ile rangi ya Maji inatia upele." Swala akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ahaa." Kisha akaenda zake kunywa.

Kanga akaona maneno hayafui dafu. Akashuka bondeni, akachimbua tope kwa miguu, akavuruga, akavuruga, Maji akawa kama uji wa mtama. Siku hiyo Kanga alilala usingizi mtamu. Kulipokucha tope lilikuwa limetulia chini, na Maji anang'aa kuliko jana.

"Umeamkaje, shoga?" Maji akamsalimu.

"Salama," Kanga akajibu, na roho inamuungua.

Basi akakumbuka ufundi wake. Mnajua wasusi: ukindu ukiwa mkavu hukatika, lazima ulowekwe ulainike. Na jirani akiomba kuloweka ukindu hanyimwi, ndiyo desturi. Kanga akafunga tita kubwa la ukindu mkavu, mweupe, akashuka nalo.

"Shoga, nilowekee ukindu wangu."

"Weka tu," akasema Maji. Hakuwa na baya moyoni.

Ukindu mkavu una kiu, jamani. Ukanywa buluu, ukanywa, ukanywa, mpaka Maji akabaki hana rangi hata chembe. Kanga akalivuta tita, akajitwisha, huyo mbio.

Sasa, msusi yeyote anajua ukindu uliolowa hautwishwi, unaachwa uchuje kwanza. Anajua pia rangi isiyochemshwa na chumvi haishiki. Kanga alifundishwa yote hayo na mama yake, lakini wivu una haraka. Buluu ikamchuruzikia kichwani, ikamshuka shingoni, ikaganda. Akautandaza ukindu juani ukauke. Mvuke wa buluu ukapanda mwembamba, ukapanda, ukamfikia Anga, na Anga akaunywa wote. Ukindu ukarudi mweupe kama ulivyokuwa.

Kanga hakujali. "Nisipopata mimi, na yeye asipate," alisema.

Kikaingia kiangazi. Vidimbwi vya mlimani vikakauka. Vifaranga wakalia, "Mama, kiu." Kanga akawateremsha bondeni, akatazama huku na huku. Aliona kokoto na mchanga, basi. Akaenda juu, akarudi chini. Yule mdogo kuliko wote akaanguka, mdomo wazi, hatoi tena sauti.

Kanga akapiga magoti mchangani. "Maji, uko wapi? Mwanangu anakufa."

"Niko mbele yako," Maji akajibu. "Umenipita ukienda, umenipita ukirudi."

"Nilidhani umekauka."

"Sijakauka. Sionekani. Rangi yangu iko shingoni mwako."

Kanga akaona aibu, akainama. "Nipige utakavyo, lakini wanangu wape."

Maji akanyanyuka, akampiga wimbi moja la mgongo. Matone yakamwenea mwili mzima, yakabaki madoa meupe, hayakutoka tena. Kisha Maji akasogea taratibu mpaka mdomoni mwa yule kifaranga, akamnywesha. "Mtoto hakunivua nguo," akasema.

Ndipo Maji akamwita Anga: "Rangi yangu unayo."

"Ninayo," akasema Anga. "Sikuiba, ilinijia na mvuke. Sasa imenikolea, haitoki. Lakini nitakuazima. Kila kukicha nitakufunika nayo, wenye kiu wakuone kwa mbali. Jua likizama naichukua."

"Na atakayenichota?"

"Atakuchota wewe. Rangi ataniachia mimi."

Ndiyo maana Maji ukimwona kwa mbali ni buluu, na usiku ni mweusi, na kwenye kata hana rangi.

Na Kanga? Mtazameni anywapo. Anainama, anapiga funda, anainua kichwa juu. Watu husema anamshukuru Mungu. Hashukuru huyo. Anaitazama ile buluu kwa Anga, anainama kuona kama imerudi kwa Maji, anainua tena. Mpaka leo roho yake haijatulia.

Basi ninyi msimwonee mtu wivu kwa alichojaliwa, maana huenda ndicho kinachokuonyesha wewe njia siku una kiu.

Ngano yangu nimeitua hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni niimeze mwenyewe.