Mkeka Mweusi wa Idi

Mdaa hausifiwi chunguni. Wasichana waliokuwa wakichambua ukindu wa kusukia mikeka walimsikia Bi Mize akisema hivyo, wakataka kujua asili yake. Bi Mize hakuacha kusuka. Alisema methali hii ilianza hivi.

Ilikuwa mwezi mosi Mfungo Mosi, asubuhi ya Idi, na manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri. Mwanahija alitangulia msikitini, akatandika mkeka wake mpya upande wa wanawake. Ulikuwa wa kwanza tangu mama yake afariki na kumwachia kazi ya kusuka mikeka ya msikiti. Ukikubaliwa, kazi ingebaki kwake. Ukikataliwa, ingehamia nyumba nyingine.

Mdaa ni mti. Mizizi yake ikichemshwa hutoa rangi nyeusi ya kutilia ukindu, na rangi hiyo nayo huitwa mdaa. Siku Mwanahija alipochemsha wake, majirani walichungulia chungu wakasema hawajapata kuona weusi kama ule. Shangazi yake, Bi Shinuna, hakusifu. Alisema tu, “Ukindu ulale humo hadi kesho, mwanangu, kisha uusuuze mpaka maji yatoke meupe.”

Mwanahija aliona kuusuuza ni kuumwaga uzuri. Akauanika vivyo hivyo, akasuka.

Basi wanawake waliingia na miguu yenye maji, wakasali, wakasujudu. Walipotoa salamu kulia na kushoto, kila mmoja aliona paji jeusi la mwenzake.

“Bi Time, umepata alama ya sijida kwa rakaa mbili,” mmoja akasema. “Wenzio tunaitafuta miaka.”

“Na wewe jitazame, shoga. Umebusu chungu?”

Kicheko kikapita safu nzima. Mwanahija aliinama kuukunja mkeka, akijua anakunja na kazi ya mama yake. Bi Shinuna akaukanyaga pembeni.

“Uache, mwanangu. Sema nao kwanza.”

Mwanahija akainuka. Paji lake lilikuwa jeusi kuliko yote.

“Mlinisifia chungu, nami nikaamini,” alisema. “Mkiniachia kazi, nitasuka mwingine.”

“Tutakuachia,” Bi Time akajibu, akijifuta. “Lakini tuahidi, sote tusikie.”

“Naahidi mbele yenu na mbele ya Mola wangu. Nitaumwagia maji mkiona, nitaupangusa kwa mtandio wangu mweupe, na mpaka mtandio utoke mweupe, asinisifu mtu. Mdaa hausifiwi chunguni.”