Jina la Mtoto Aliyetua Kwenye Magadi

Sikilizeni, wakubwa kwa wadogo. Walikuwako wanaume watatu. Eliakunda alijua hewa, alikuwa rubani. Nesi Lemayian alijua ardhi ile ya ziwa la magadi, maana alizaliwa hapo na wazazi wake walikuwa wachota magadi. Koinet alijua ng'ombe, alikuwa mchungaji huko huko. Na alikuwako Nalepo, mama kijana, ambaye asubuhi ile hakujua lolote ila kumkumbatia mwanawe mchanga aliyekuwa akipumua kwa shida, hajapewa hata jina, anakimbizwa hospitali kwa ndege ndogo, yeye, rubani na nesi.

Ndege ikaruka. Haijapanda sana, injini ikakohoa, ikakosa nguvu, pangaboi la mbele likawa linazunguka kivivu.

"Rudi uwanjani, baba, uwanja si ule nyuma, nauona, rudi," Nalepo akasema mbiombio.

"Tukigeuka tukiwa chini hivi tunaanguka," Eliakunda akajibu bila kugeuza shingo. Akashusha pua ya ndege. Ardhi ikawajia usoni, Nalepo akadhani wamekufa, kumbe kushusha kule ndiko kulikofanya mbawa ziendelee kuwabeba.

Hapo ndipo Nalepo alipotamka, na wote wakasikia: "Atakayetufikisha chini wazima, mwanangu ataitwa jina lake."

Mbele kulikuwa na uwanda mweupe unaong'aa, laini kama kitanda. Rubani akaulenga.

"Siyo huo," Lemayian akamshika bega. "Huo juu ukoko, chini tope, litatumeza. Nenda kwenye ardhi ile ya kijivu, ndiyo ngumu, kulia kidogo."

"Una hakika?"

"Nimezama hapo nikiwa mdogo. Kulia, kaka."

Wakaenda kulia. Na kwenye kijivu, Mungu wangu, ng'ombe, kundi zima, wanalamba magadi.

Koinet, aliyekuwa akiwachunga pale chini, akaiona ndege inakuja kimya. Mwingine angewatandika fimbo wakatawanyika kila upande. Yeye aliwapa mgongo, akakimbia akipiga mluzi wake wa kuwaitia maji, na ng'ombe wote wakainua vichwa wakamfuata. Nalepo aliona kupitia kioo migongo ile ikipita kama mto unaohama, magurudumu yakagusa, yakaruka, yakagusa tena. Ndege ikasimama. Halafu mtoto akalia. Nalepo hajawahi kusikia kilio kizuri kama kile.

Mtoto alipelekwa hospitali kwa gari, akapona. Siku ya kumpa jina ikafika, na mama mkwe wa Nalepo akauliza aitwe nani.

"Rubani," wakasema wengine. "Angegeuka, tungezika."

"Lakini hiyo ndiyo kazi aliyosomea," wakajibiwa. "Na bila Lemayian angewatia topeni."

"Lemayian naye alikuwa anajiokoa mwenyewe. Koinet alikuwa chini, salama, angeweza kukimbia peke yake."

"Koinet? Si yeye aliyepeleka ng'ombe pale, na wazee walishakataza?"

"Basi mpeni yote matatu," akatania shemeji mmoja.

"Aliahidi jina moja," mama mkwe akasema. "Mbele ya Mungu, na huko juu alikuwa karibu naye kuliko sisi."

Wanaume wote watatu walikuwa wameketi hapo, wametazama chini, hakuna aliyedai. Nalepo akamwinua mwanawe, akawatazama watatu wale mmoja mmoja.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, mtoto yuko mikononi mwake na watu wanangoja. Ungekuwa wewe Nalepo, ungemwita nani?