Kwa Nini Aliyeshindwa Kitendawili Hutoa Mji

Sogeeni. Mwenye usingizi akae karibu na ukuta asije akamwangukia mwenzake, na mwenye swali alihifadhi, maana hadithi hii haipendi kukatizwa. Niliipata kwa walioipata, nami naitoa nzima kama nilivyopewa.

Zamani hizo usingizi ulikuwa karibu sana na watu. Ulikaa nje ya kila mlango, mpole, unangoja. Kilichouzuia kuingia ni moto wa jikoni tu. Nyumba yenye moto ilikuwa macho, na nyumba iliyozimikiwa na moto ililala pamoja na waliomo, na kuku wao, na mbuzi wao, wakabaki hivyo, hawafi wala hawazeeki, mpaka mtu aje kuwasha upya. Kwa hiyo hakuna aliyeuchezea moto. Hata mtoto mtundu aliacha utundu wake akifika kwenye mafiga.

Tena zamani hizo vitendawili havikuwa mchezo. Mtu akisema, "Kitendawili!" na mwenziwe akaitikia, "Tega!" basi neno limefungwa, halifunguki. Akishindwa kujibu, mtegaji humwambia, "Nipe mji," naye hutoa mji wake, mji wa kweli, wenye visima na mashamba na makaburi ya babu zake. Mtegaji husema, "Nimeupokea," ndipo atoe jibu. Siku hiyo hiyo watu wa mji uliotolewa huzima mioto yao yote, kwa kuwa kuwasha moto wa kwanza ni haki ya mwenye mji, nao wamekwisha pata mwenye mji mwingine. Hukaa wakimngoja aje awawashie. Ndiyo iliyokuwa sheria. Aliyeitunga hajulikani, na mimi nadhani alijificha kwa aibu.

Basi alikuwako kijana mmoja wa Mikwajuni, jina lake Nyange. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu mtakayoyasikia yatawafanya mumchukie. Nyange alipenda mafumbo tu, basi. Alipenda jambo gumu linavyokaa kichwani likikwaruza, kisha ghafla linafunguka lenyewe, na mtu anabaki akicheka peke yake njiani kama aliyepagawa. Chui, mbuzi na mzigo wa majani, ilipompasa mtu kuwavusha mto kwa mtumbwi mdogo, yeye aliwavusha kichwani huku analima, akamrudisha mbuzi, akamvusha tena, mpaka mama yake akamwuliza mbona unapalilia jiwe.

Siku moja alipita Lundizi akamkuta Mzee Ngwali anaota jua. Akamtegea konokono aliyetumbukia kisimani. Kisima kina kina cha mikono kumi. Mchana konokono hupanda mikono mitatu, usiku akilala huteleza miwili. Atatoka siku ya ngapi? Mzee Ngwali akakunja vidole, akasema, "Kila siku anapata mkono mmoja. Siku ya kumi." Nyange akatikisa kichwa. "Nipe mji." Mzee akautoa. Nyange akasema, "Nimeupokea. Ni siku ya nane," akaenda zake kwa furaha, hata hakungoja kuona kama mzee ameelewa. Nyuma yake moshi wa Lundizi ukapungua, ukawa uzi, ukakatika.

Huko Kwatunge aliwashinda kwa baba wawili na wana wawili waliovua samaki watatu na kila mmoja akapata wake mzima, kumbe ni babu, mwanawe na mjukuu. Mivumoni aliwashinda kwa jingine. Miji ikawa mingi, na yote alisema ameipokea, na hata mmoja hakuukanyaga tena. Angekwenda kufanya nini? Jibu lilikwisha tolewa, na fumbo lililojibiwa kwake lilikuwa ganda la njugu. Ukungu ukatanda juu ya miji ile, mwepesi, mweupe, na ndege waliopita hapo waliruka polepole. Watu wakaanza kumkimbia. Akitokea njia panda, wanaume wazima walijitia wanakohoa ili wasije wakaitikia. Nyange akawa mpweke, na upweke huo ulimuuma, lakini hakujua umetoka wapi.

Akabaki na mahali pamoja pa kukaribishwa, Mizambarauni, kwa shangazi yake. Shangazi alikuwa na binti aliyeitwa Mize, na Mize na Nyange walikuwa watani tangu utoto, hawawezi kuonana bila kutukanana. Mize alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, yumo ndani ya arobaini yake. Mnajua mzazi anavyotunzwa. Moto hauondoki chumbani, maji ya kukandwa yanachemka asubuhi na jioni, uji wa pilipili manga hauachi mkono. Mzazi na moto ni ndugu.

Nyange akaenda kumtazama mtoto, asubuhi yenye manyunyu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Pita, mtani wako yumo ndani anakula tu."

Mize alikuwa ameegemea ukuta, mtoto kifuani, moto ubavuni. Akamtazama Nyange kuanzia miguuni. "Haya, kichwa kikubwa! Umekuja kumwona mwanangu na mikono mitupu? Hata kifaranga?"

"Nimemletea kitu."

"Kitu gani, mwenye kichwa?"

Nyange alikuwa na fumbo jipya, lililomjia njiani, zuri kuliko yote aliyowahi kutega. Lilimwasha ulimini. Kabla hajajizuia lilikwisha toka: "Kitendawili!"

Na Mize, ambaye tangu anyonye alizoea kuitikia neno hilo, ambaye mwili wake ulikuwa umechoka na akili yake iko kwa mtoto, akaitikia, "Tega!"

Shangazi akaangusha kata ya maji. Wote watatu wakatazamana. Nyange alitamani ardhi impasukie, lakini neno lilikwisha fungwa. Akatega kwa sauti ndogo:

"Nina ng'ombe mmoja zizini. Mji mzima walikuja kuomba, kila nyumba nikaipa ng'ombe mzima. Nilipohesabu zizini mwangu, yule mmoja yumo vilevile."

Ninyi mnaonisikiliza mmekwisha jua kuwa ni moto, maana mmeshiba na hamna mtoto mchanga kifuani. Mize alikuwa amekaa karibu nao hata unamchoma goti, asiuone. Akasema ni jua. Si jua. Akasema ni jina la ukoo. Si jina. Akafikiri mpaka jasho likamtoka, majibu yakamwishia.

"Nipe mji," alisema Nyange, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Shangazi akainama kukiondoa chungu kwenye mafiga. Nje, habari ilikwisha fika, na Mzee Pongwa, mkubwa wa Mizambarauni, alikuwa amesimama mlangoni. Moto ungezimwa, mji wote ungelala, na kile kitoto kingelala kabla hakijajua kuamka. Mize akakitazama. Akauzuia mkono wa mama yake.

"Sheria inasema nitoe mji," alisema. "Nani amenisikia nikiambiwa nitoe mji wangu?"

Hakuna aliyewahi kuuliza hivyo. Watu wote tangu zamani walitoa kwao kwa sababu aliyetangulia alitoa kwao.

"Basi nakupa Lundizi, Nyange. Najua ni wako. Uliupokea kwa mdomo, ukauacha baridi. Nenda ukaupokee kwa miguu. Na jibu lako likae kooni mwako mpaka urudi, maana jibu halitoki kabla mji haujapokelewa."

 Mzee Pongwa akasema kwamba hajui kama mji waweza kutolewa mara mbili. Moto wa Mizambarauni usizimwe, lakini kuni zisiongezwe. Nyange akiwahi kurudi makaa yangali hai, na Lundizi imempokea, Mizambarauni imepona. Akichelewa, basi.

Nyange akatoka mbio, mikono mitupu kama alivyokuja. Mtu wa kichwa hafikirii kijinga cha moto.

Alipofika Lundizi, ukungu ulimpokea kwanza. Ulikuwa wa vuguvugu, unanukia jivu la kale. Ndani yake kila kitu kilikuwa mahali pake. Mwanamke alikuwa ameshika mchi, mchi umesimama ndani ya kinu, amelala. Watoto walikuwa wamelala duara, mmoja kainua mguu wa kuruka na hajaushusha. Majani yalikuwa yameota kwenye vizingiti, na juu ya majani mbuzi walikuwa wamefumba macho. Barazani Mzee Ngwali alikuwa amekaa vilevile alivyomwacha, vidole vimekunjwa, midomo yake inatikisika kidogo. Nyange akainama kusikiliza. Mzee alikuwa anahesabu. Alifika saba, akarudi tano, akafika nane, akarudi sita.

Hapo Nyange akalia. Sheria aliijua kwa mdomo, hakuwahi kuwawaza watu wenyewe. Kichwani mwake miji iliendelea, watu wanakula, wanazozana, isipokuwa ni yake. Sasa aliona alichokuwa akikishinda.

Akatafuta moto, hakuna. Akachukua vijiti viwili vikavu kutoka darini, akaanza kupekecha. Viganja vikatoa malengelenge, malengelenge yakapasuka. Na usingizi, ule uliokaa pale kwa raha zake miaka yote, ukaja ukaketi begani kwake, ukamwambia taratibu apumzike kidogo tu. Kope zikawa nzito. Ili asilale akaanza kulisema fumbo lake kwa sauti: nina ng'ombe mmoja zizini, nina ng'ombe mmoja zizini. Kijiti kikatoa moshi. Akapuliza. Nyasi zikashika.

Akawasha jiko la Mzee Ngwali. Yule mwanamke wa mchi akashusha mchi wake, akautazama moto kama mtu anayekumbuka jambo, akaja na kijinga, akachukua, akaenda kwake. Jirani akachukua kwa huyo. Mtoto akashusha mguu. Kijinga kikatoka nyumba hii kwenda ile, Lundizi nzima ikawaka, na Nyange akageuka kulitazama jiko la kwanza. Lilikuwa vilevile. Halikupungua hata ulimi mmoja.

Alilitunga yeye mwenyewe fumbo lile, akalibeba kooni njia nzima, na hakulielewa mpaka hapo.

"Wewe kijana," alisema Mzee Ngwali, akipangusa macho. "Yule konokono wako amenitesa. Kila nikimpandisha anateleza."

Nyange akapiga magoti, akachora kisima kwenye jivu. Akampandisha konokono taratibu, mchana mitatu, usiku miwili. Asubuhi ya siku ya nane yuko mkono wa saba, anapanda mitatu, yuko juu, nje, na aliyekwisha toka kisimani hatelezi tena. Mzee akatazama, akatazama, kisha akacheka kicheko kirefu hata wajukuu wakaja kuona kuna nini. "Loo, mdudu mwerevu kuliko mimi! Nitegee kingine!"

Nyange alikuwa ameshinda miji mingi, na hakuwahi kuonja utamu kama wa kicheko kile. "Nitarudi," alisema. "Mji ni wenu, mzee. Mimi nimekuja kuamkia tu."

Wakamlazimisha anywe bakuli la uji, maana mgeni haondoki mkavu. Kwa idhini yake vijana wakashika vijinga wakaenda Kwatunge, wengine Mivumoni na miji yake mingine yote, na yeye akachukua chake akakimbia, cheche zikimfuata mgongoni.

Mizambarauni ilikuwa inasinzia. Jikoni kwa Mize palikuwa na kaa moja tu, jekundu kama punje ya mtama, na shangazi amepiga magoti analipulizia huku kichwa kinamwanguka. Mize alikuwa amefumba macho. Mtoto alikuwa ameacha kunyonya.

Nyange hakuthubutu kutia moto kabla neno lililofungwa halijafunguliwa. Akasema kwa pumzi zilizobaki, "Nilikwenda Lundizi. Nikafika nikawakuta wamelala, nikawawashia, wakaniamkia vizuri, wakaninywesha uji. Wakaniambia jibu ni moto."

Akakiweka kijinga kwenye mafiga. Moto ukawaka.

Mize akafumbua jicho moja. "Moto," alisema. "Na mimi umenichoma goti asubuhi nzima. Ama kweli, ukoo wetu vichwa vikubwa bure." Ndipo mtoto akalia, kilio kikali cha mwenye njaa, na watu waliokuwa mlangoni wakashangilia kilio hicho kama ngoma ya harusi. Shangazi akaongeza kuni chini ya chungu.

Na tangu siku hiyo, aliyeshindwa kitendawili hutoa mji, lakini hutoa wa mbali, wowote upendao ulimi wake. Na mtegaji halitoi jibu kabla hajasema kwamba alikwenda, akafika, akaamkiana na wenyewe, akala nao. Watoto wetu hutoa Mombasa, hutoa Unguja. Juzi mmoja hapa alinipa Makka nzima na wenyewe huko hawana habari, wanapika chakula chao. Kutojua si kosa la kumpotezea mtu kwao. Aliyeshindwa hucheka, akalichukua jibu la mwenzake, na mwenzake akabaki nalo vilevile, kisha wote wawili wakarudi majumbani, wakakuta watu wao wako macho.